CD imeharibikia kiwandani, lawama anabebeshwa mteja

Leo naongea na wenye vibanda vya muvi, wenye stationery, mafundi, wapiga video za harusi, na yeyote ambaye mpaka leo mteja anamwekea CD mezani na kumwambia "hebu niangalizie hii, inagoma". Najua wapo watakaocheka. Watasema CD ilishakufa, nani ananunua CD siku hizi. Kuuza kweli kumekufa. Ila waliozinunua hawajafa, na vilivyomo ndani ya hizo CD bado wanavitaka.

Mimi nina duka dogo Masasi. Nilimaliza form four, chuo sijaenda, haya mambo nimejifunza kwa kusoma mwenyewe na kwa kufungua deki mbovu za watu. Nauza chaja na memori kadi, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na nahamisha nyimbo na video kutoka kwenye CD na DVD kwenda kwenye flashi. Kuhamisha nachaji shilingi 3,000 kwa CD moja. Msimu wa korosho ukianza kulipa zinakuja kwa mifuko: harusi za mwaka 2007, sherehe za kuwatoa watoto jandoni, mahafali ya darasa la saba, kwaya, kaswida, mpaka misiba.

Katika hizo zinazokuja, nyingi hazisomi. Na hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo.

Mteja akipeleka CD isiyosoma, jibu analopewa kwenye maduka mengi ni moja: "Umeitunza vibaya." Umeiacha chini, watoto wameichezea, umeishika na mafuta. Kisha anaambiwa aache hela isafishwe. Inapakwa dawa ya meno, inasuguliwa na kitambaa, inarudishwa kwenye deki, inagoma tena, na hela imeshaliwa. Mimi nasema jibu hilo mara nyingi ni uongo. Fundi anayelitoa bila hata kuiangalia CD anampiga mteja mara mbili: anamchukulia hela ya kusafisha kitu kisichosafishika, halafu anamrudisha nyumbani akijilaumu kwa kosa ambalo lilifanyika kiwandani kabla yeye hajainunua.

Twende taratibu, maana hili bila kuelewa CD imetengenezwaje utaona kama nawatetea wateja tu.

Chukua CD yoyote ya dukani uishike. Ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Karibu unene wote huo ni plastiki moja ngumu inayoitwa polikaboneti. Watu wengi wanaamini nyimbo zipo upande wa chini, kule kunakong'aa. Hapana. Nyimbo zipo juu, chini tu ya maandishi na picha ya msanii. Kiwandani ile plastiki inapigwa muhuri, inatoka na vishimo vidogo sana upande wa juu, vimepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje. Ungeweza kuunyoosha mstari huo ungepita kilomita 5. Juu ya vishimo inawekwa alumini nyembamba, ili leza ikitoka chini ikigonga pale irudi. Juu ya alumini inapakwa vanishi. Juu ya vanishi ndiyo yanachapwa maandishi. Hakuna kingine.

Sasa hiyo alumini unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, mara nyingine nusu ya hapo. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hiyo mara mamia. Na kinachoilinda kwa juu ni vanishi peke yake, siyo plastiki. Ndiyo maana mkwaruzo wa chini mara nyingi CD inauvumilia, lakini ukikwaruza upande wa maandishi umeondoka na nyimbo zenyewe. Wengi wanailaza CD mezani picha ikiwa chini ili "isikwaruzike". Haya.

Fundi seremala anaelewa ninachotaka kusema. Mbao ukiipaka vanishi vizuri katikati ukaruka ukingo, maji yataanzia pale pale kwenye ukingo. CD ni hivyo hivyo. Kiwanda kikipaka vanishi nyembamba, au isifike vizuri pembeni, au kikanunua vanishi ya bei rahisi isiyohimili, au wino wa maandishi ukawa mkali ukaanza kula kilicho chini yake, basi hewa na unyevu vinapata mlango. Alumini ikipata hewa na unyevu kwa muda mrefu inageuka, inaacha kung'aa. Leza inaingia, inapita, hairudi. Vishimo bado vipo, nyimbo kwa maana hiyo bado zipo, lakini hakuna wa kuzirudisha. Mfano wake ni kile kioo cha kujitazamia kilichochunika rangi ya nyuma. Kifute na sabuni, kifute na spiriti, pale palipochunika hutajiona.

Huyo mteja anayeambiwa "umeitunza vibaya" anaweza kuwa ameiweka kabatini miaka kumi, kwenye kava lake, hajaigusa. Na ikafa humo humo kabatini.

Ukitaka ushahidi kwamba hili siyo maneno ya kujitetea, kuna kesi kubwa iliyotokea Uingereza. Mji wa Blackburn, kule Lancashire, ulikuwa na kiwanda cha CD kilichoitwa PDO, ubia wa Philips na DuPont. Philips ndiye yule yule aliyeileta CD duniani akiwa pamoja na Sony. Zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Kwa hiyo hatuongelei kiwanda cha uchochoroni. Hao ndio wenye CD yao.

CD zilizotengenezwa pale kati ya 1988 na 1993, baadhi yake zikaanza kubadilika rangi. Zilianza pembeni, rangi ya kahawia kama shaba iliyozeeka, ikawa inasogea polepole kwenda katikati. Upande wa maandishi unaonyesha kwanza, wa chini unafuata. Mwanzoni mwenye CD hasikii kitu. Baadaye wimbo wa mwisho unaanza kukwaruza, kisha wa kabla yake, kisha deki inaikataa kabisa. Na waliokuwa wanazinunua wengi ni wapenzi wa muziki wa klasiki, watu wanaotunza CD kuliko tunavyotunza viatu vya sikukuu. Lebo ya Hyperion ya London ni mojawapo ya waliochapishiwa CD pale zikawaharibikia.

Sababu inayokubalika na wengi ni hii, na naomba uisome mara mbili: vanishi iliyotumika haikuweza kuizuia salfa iliyokuwamo kwenye karatasi ya kile kijitabu kinachokaa ndani ya kava. Salfa ikapenya, ikaanza kula madini ya ndani. Sisi watu wa Kusini salfa tunaijua, tunapulizia mikorosho. Na mwenye bangili ya madini ya fedha ameshaona inavyopoteza mng'ao na kuwa nyeusi hata kama haivai. Ni hiyo hiyo salfa ya hewani inayofanya kazi.

Umeona kilichotokea lakini? Mtu aliyefuata maelekezo yote, akasikiliza CD yake, akaifuta, akairudisha kwenye kava pamoja na kijitabu chake, ndiye aliyekuwa anailaza kila siku jirani na salfa. Kava na kijitabu amepewa na muuzaji. Utamwambiaje huyo kwamba ametunza vibaya?

Kinachonifurahisha kwenye kesi hii ni mwisho wake. Kiwanda kilikubali kwamba kosa ni lake. Wateja wakarudisha CD, wakabadilishiwa. Hawakuambiwa wana mikono michafu.

Na siyo mambo ya zamani tu. Mwaka 2025 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilikubali kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinakufa zenyewe, ikasema itawabadilishia watu. DVD ina mtihani wake wa ziada: siyo kipande kimoja kama CD, ni vipande viwili vya milimita 0.6 vimegundishwa. Kwa hiyo juu ya yote niliyoyasema inabidi pia gundi iwe nzuri.

Sasa turudi mtaani kwetu, maana najua unawaza kwamba hizo ni CD za kampuni, sisi tunachoma za kwetu.

CD tupu tunayochoma wenyewe ni hatari zaidi. Ile haina vishimo. Ina rangi maalumu ndani, na unapochoma, leza inaiunguza ile rangi iwe alama. Rangi hiyo inategemea ubora wake, na nyingine mwanga wa jua unaiharibu kama unavyofifisha kitenge kilichoanikwa mwezi mzima. Juu ya rangi kuna madini ya kurudisha leza, na juu yake vanishi. Kila kosa ninaloweza kulikuta kwenye CD ya kiwandani linaweza kuwepo humu, na kosa la rangi nimeongezewa. Halafu sisi tunanunua kwa bei ya jumla, boksi la 50, na jina lililoandikwa juu mara nyingi siyo la kiwanda kilichozitengeneza. Boksi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa zimetoka viwanda viwili tofauti, moja ikadumu, nyingine ikawa kimeo kuanzia siku ya kwanza.

Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina CD nyingi mno za kutunza, iliwahi kuchukua baadhi ya CD na kuziweka kwenye joto na unyevu mwingi makusudi ili zizeeke haraka, waone zinakufaje. Waliona kwamba CD zinazofanana kwa macho hazizeeki sawa. Moja inabaki nzima, mwenzake inakwisha. Fikiria hiyo ni maktaba yenye feni na kiyoyozi. Sisi huku bati linapiga kuanzia saa nne asubuhi. Na hapa niseme kabisa ili nisionekane napendelea: joto na unyevu vinaharakisha, hilo ni kweli, na wapo wateja wanaoweka CD juu ya sabufa au kwenye dashibodi ya gari. Lakini joto linaharakisha kitu ambacho kipo tayari. Boksi moja, nyumba moja, kabati moja, nusu zinasoma nusu hazisomi. Hapo usiniambie ni joto.

Nitawapa mfano mmoja ili mjue kwa nini hili linanikera.

Mwaka jana alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Lukuledi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akatoa CD kwenye khanga, imefungwa kwenye nailoni. "Mwanangu, humu kuna baba yenu anaimba," akaniambia. Mumewe alifariki, alikuwa kwaya ya kanisani kwao, na wimbo mmoja yeye ndiye aliyeongoza. Wimbo wa kumi na moja. CD ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, imejaa karibu yote.

Alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja kabla yangu. Fundi huyo aliipiga dawa ya meno mara mbili, kila mara shilingi 2,000, akamwambia wajukuu wameichezea. Mama akawa amewagombeza wajukuu. Nikaishika, nikaitazama kwa chini: mikwaruzo ipo ya kawaida, mingine ni hiyo ya kusuguliwa na dawa ya meno. Nikaiinua kwenye taa. Pembeni kote kulikuwa na mduara umefifia, upana kama wa kidole kidogo, na ndani ya huo mduara taa inaonekana kama unaangalia kwenye chujio la chai. Wajukuu hawawezi kuchezea CD ikaharibika mduara mzima kwa usawa namna ile.

Kumbuka nilichosema juu, mstari unaanza katikati kwenda nje. Nyimbo za kwanza zipo karibu na tundu, za mwisho zipo ukingoni. Na ugonjwa unaanzia ukingoni. Niliiweka kwenye kompyuta usiku kucha, mwendo wa taratibu kabisa. Zikatoka nyimbo nane safi, wa tisa una mikwaruzo, wa kumi nusu. Wa kumi na moja haukutoka.

Nikampigia mwalimu wa kwaya. Akasema walichoma kopi mia moja mwaka ule ule, CD tupu zilinunuliwa mara moja, boksi mbili za 50. Akanitafutia kopi tatu kwa wanakwaya wengine, nyumba tatu tofauti, mmoja hadi kava lilikuwa bado jipya. Zote tatu zina mduara ule ule. Nyumba nne, watu wanne, kabati nne, kosa moja. Mpaka leo naandika hapa wimbo wa kumi na moja hatujaupata. Nilimweleza mama kwamba wajukuu hawana kosa, nikamwonyesha kwenye taa akaona mwenyewe. Akaniuliza, "Kwa hiyo iliuzwa ikiwa mgonjwa?" Nikamwambia ndiyo mama.

Kwa hiyo kabla hujashika dawa ya meno, shika taa. Washa tochi ya simu au simama chini ya balbu, inua CD upande wa maandishi ukutazame wewe, mwanga utokee nyuma. Ukiona vitobo vya mwanga kama nyota, alumini imeanza kwenda. Viwili vitatu visikutishe, CD nyingine zinatoka kiwandani navyo na zinacheza miaka yote. Vikiwa vingi, au vimekusanyika pembeni, au kuna mduara uliofifia, au rangi ya kahawia, hapo hakuna cha kusafisha. Kwenye CD za kuchoma ni vigumu zaidi kidogo kwa sababu nyingine mwanga unapita hata zikiwa nzima, kwa hiyo linganisha ukingo na katikati: ikiwa rangi haifanani, shuku. Kwenye DVD angalia pia kama kuna kitu kama mawingu au ukungu katikati ya vile vipande viwili, na pitisha kucha ukingoni taratibu uone kama vimeanza kuachia.

Mkwaruzo wenyewe unaujua, ni mstari, unausikia kwa kucha upande wa chini. Huo ndio unaosuguliwa, na hata huo siyo wote. Kama ni alama za vidole, kitambaa laini na maji kidogo, unafuta kutoka katikati kwenda nje, siyo kuzungusha. Hiyo kazi usimchaji mtu.

Kuna kitu kingine kinachotudanganya sisi mafundi. CD imetengenezwa na akili ya kujirekebisha. Nyimbo haziandikwi mfululizo tu, zinachanganywa na nyongeza za kukagua, ili hata pakikosekana kipande cha milimita 2 hivi kwenye mstari, deki inajaza lenyewe na wewe husikii. Ni kitu kizuri sana, ila maana yake ni kwamba CD inaweza kuwa inaoza miaka mitatu na inaimba vizuri tu. Siku inapoanza kuruka, tayari akiba ya kujirekebisha imeisha. Kwa hiyo mteja akikuambia "wiki iliyopita ilikuwa inacheza", usimwone mwongo. Anasema kweli. Na wewe ukiipata CD ya namna hiyo inayosoma kwa shida, usimwambie aje keshokutwa. Hamisha siku hiyo hiyo, anza na kile anachokitaka zaidi, siyo wimbo wa kwanza.

Najua hoja inayokuja. Mtaniambia mimi naongea tu, mtaji wa kubadilishia watu CD nitautoa wapi, PDO ni Philips, mimi nina fremu moja na kodi ya miezi sita. Ni hoja ya kweli na siikimbii. Duka la jumla nililonunua boksi halinipi risiti yenye dhamana ya miaka kumi. Nikimrudishia mteja hela ya CD iliyokufa baada ya miaka minane, nani atanirudishia mimi? Hakuna.

Ila angalia vizuri, tatizo letu siyo hela ya CD. CD tupu ni bei ya chapati mbili. PDO waliweza kumaliza kesi kwa sababu walikuwa wanachapa upya. Muziki wenyewe ulikuwepo umetunzwa, CD ni kopi tu. Harusi ya mtu haina pa kuchapia upya. Mpiga video akishamkabidhi bibi harusi DVD moja na kufuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine, ile DVD siyo kopi tena, ndiyo harusi yenyewe. Hata ukimrudishia laki mbili zote alizolipa, hujamrudishia kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa wapiga video na wachoma CD ni mkali. Anayeandika kwenye bango lake kwamba DVD zake "zinadumu milele" anadanganya, na hata wale wenye CD yao walipoanza kuziuza walitangaza sauti safi ya milele, tumeona Blackburn. Mteja aambiwe mapema, siku ya kulipa, kwamba hii inaweza kufa bila kosa lake. Akabidhiwe na flashi pia, au memori kadi, aweke kwenye simu za watoto wake wawili. Hivyo navyo vinakufa, flashi feki zimejaa kila kona, lakini vikiwa vitatu vya aina tofauti havifi siku moja. Kazi ya mtu ikae kwako angalau mwaka kabla hujafuta, na siku ya kufuta mpigie simu kwanza.

Anayechoma, asiijaze CD mpaka ukingoni. Acha dakika kumi za mwisho tupu, hakuna gharama yoyote hapo, na ugonjwa ukianza pembeni utakuta hakuna kitu. Usibandike lebo za gundi juu. Usiandike kwa bolpeni, unakandamiza moja kwa moja kwenye vanishi; kalamu ya wino laini ya kuandikia CD, na ikiwezekana andika kwenye ule mduara wazi wa karibu na tundu, pale hakuna nyimbo.

Huo mduara wa katikati uzoee kuusoma. Kuna herufi na namba ndogo zimechongwa kwenye plastiki. CD nyingi za Blackburn zilijulikana hapo hapo, zimechongwa jina la PDO na kwamba zimetengenezwa Uingereza. Mimi ninaponunua boksi nanakili namba zile kwenye daftari pamoja na tarehe na duka. CD ya kwanza ya boksi hilo ikirudi inaumwa, nawatafuta wengine wote waliochomewa kutoka boksi hilo, wengi namba zao ninazo. Msimu uliopita niliwapigia watu kumi na tisa. Kumi na watano walikuja, nikawahamishia bure kwa sababu CD nilichoma mimi, na kumi na wawili kati yao tulikuta kila kitu bado kinasoma. Wanne hawakupokea simu, na mmoja kati ya hao wanne ni harusi.

Anayekuja na CD ambayo sikuichoma mimi bado ni 3,000. Isiposoma kabisa sichukui kitu, ila namwonyesha kwenye taa kwanza, na kama kuna mtu nyumbani kashalaumiwa namwambia akamwombe radhi.

Boksi la mwisho nililonalo zimebaki 14. Nawauzia wanafunzi wa kuchoma nyimbo za kwenye gari la mjomba. Za harusi siuzi.